Jina la Meli Katika Dua

Salala, 31 Januari 2024

Baba mpenzi,

Assalaam aleikum. Shikamoo. Mimi buheri wa afya, ila chakula cha melini hakina nazi. Mguu wa mama waendeleaje?

Nahodha ametuita mmoja mmoja: anayeogopa makombora ya Bahari ya Shamu ashuke hapa, hatalaumiwa. Nimekataa. Mimi ni afisa wa zamu. Nikishuka, mwenzangu atabeba zamu mbili.

Usiyaogope kwa kutoyajua. Kuna linalorushwa juu sana, moto wake ukaisha, likashuka kwa kasi ya ajabu pale lilipoelekezwa. Kuna linaloruka chini chini juu ya mawimbi, na puani lina rada inayotafuta chuma kikubwa. Yote mawili yanahitaji kwanza mtu wa kuyaambia meli iko wapi.

Jumatatu tunapita Babul Mandab, mlango mwembamba wa kuingilia bahari hiyo.

Mwanao,
Swafia

Mji wa Kale, 2 Februari

Mwanangu,

Waaleikum salaam, marahaba. Mguu wa mamako umepoa. Ulimi haukuumwa hata siku moja.

Nilipokusoma moyo uliniruka. Ningeweza ningekuja kukushusha kwa mkono, lakini kichwa chako nakijua. Basi leo baada ya sala ya Ijumaa nimempa imamu jina lako, jina la meli na siku ya kupita, akayasoma yote kwenye kipaza sauti ili dua isipotee njia. Msikiti mzima ukaitikia amin. Mzamil, anayerusha hotuba mtandaoni, akairusha nayo, hata jamaa wa Dubai wameiona! Kombora gani litapenya hapo?

Baba yako

Salala, 3 Februari

Baba,

Salaam, na shikamoo yako iko palepale. Lakini nimekasirika.

Siku ya kupita nilikwambia wewe, sikuiambia dunia. Wenye makombora nao wana simu. Mzamil aifute video sasa hivi, kabla hujamaliza kahawa yako. Nimemweleza nahodha, amebadilisha siku, na hiyo mpya siiandiki. Kifaa kinachokuonyesha meli kwenye simu tutakizima, kwa hiyo tukipotea usipige kelele. Niombee. Mungu anaijua meli bila kutajiwa.

Mwanao,
Swafia

Mji wa Kale, 11 Februari

Mwanangu,

Nakusalimu popote ulipo. Video ilifutwa siku ileile. Niwie radhi, mama.

Meli imepotea kwenye simu, nami nimenyamaza kama ulivyosema. Jana redio ilitangaza kuna meli imepigwa huko, jina halikutajwa. Mamako hali chakula. Barazani wakiniuliza uko wapi, nasema sijui. Naogopa, Swafia. Andika hata neno moja.

Baba yako

Jeddah, 14 Februari

Baba mpenzi,

Shikamoo. Ni mzima! Mwambie mama ale. Iliyopigwa haikuwa yetu.

Kwetu yalikuja makombora mawili. La kwanza lilianguka baharini, mbali nyuma yetu. La pili lilikuja chini chini. Manowari iliyotusindikiza ikalilipua hewani, vioo vikatikisika. Nilikuwa zamu, nikashika njia. Tukafunga bandarini. Hapo nikakaa chini nikalia.

Tutarudi kwa njia ileile. Nahodha ameuliza tena nani anashuka. Sishuki, baba, na siku sikwambii.

Mwanao,
Swafia

Mji wa Kale, 15 Februari

Mwanangu,

Marahaba, marahaba sana. Mamako amekula, akalia, akala tena.

Nilitaka kukukataza, nikaona kazi yako unaijua wewe. Siku sikuulizi. Nitaomba kila siku, na yako itakuwa humo.

Baba yako