Kondori Kumi na Mmoja

Domitila mpenzi,

Nani ana bahati kama mimi? Jumanne kondori kumi na mmoja, wale ndege wakubwa kama tai, walishuka kutoka milimani hadi ufukweni, mbele ya macho yangu. Huyo Filomeno wako, mlinzi wa hifadhi, miaka sita hajaona zaidi ya wanne!

Huku hatujambo. Mama yako amepaka mlango rangi ya buluu. Barua zako tatu nimezipata, na zote zinauliza, "Filomeno na simba-bahari wake wazima?" Na mimi je, ni kiti?

Basi Jumanne nilimkuta kalala kifudifudi juu ya mwamba, anahesabu vitoto vya simba-bahari.

"Lala chini, Casiano! Wakikuona watatimka."

"Unawaogopa hao, bwana mkubwa?"

"Siwaogopi, nahofia usalama wao. Domitila angenielewa."

Jina lako kinywani mwake! Nikasimama, nikarusha jiwe. Kundi zima likakimbilia majini, likakanyaga vitoto vyake. Filomeno hakunipiga. Alilia tu.

Ndipo kondori wakashukia mizoga. Haikuwa bahati, Domitila. Vitoto tisa nimeviua mimi, kwa wivu.

Casiano