Telesia Anamwita Nani Mama

Makambako, 8 Mei 1994

Kamwene dada Idda,

Natumaini mnaendelea vizuri hapo Njombe pamoja na baridi. Mimi uvimbe wa titi umekwisha, namshukuru Mungu, ila pumzi ndiyo shida. Nikitoka kitandani hadi mlangoni nahema, na miguu imevimba.

Nina neno limenikaa. Kristofa akipeleka mitumba mnadani hapo Njombe, anarudi ameshiba, shati limenyooshwa. Chakula changu hakigusi. Juzi ananiambia, akicheka, kwamba Telesia anakuita mama. Nilikuachia mwanangu nikatibiwe Dar. Sikukupa. Naomba arudi.

Mdogo wako,
Feliciana

Njombe, 15 Mei 1994

Mdogo wangu Feliciana,

Pole na hali. Sisi wazima, mahindi tumeanza kuvuna.

Mumeo nampa ugali kwa sababu ni shemeji yangu na amesafiri. Basi. Kuhusu Telesia, sikumfundisha kuniita hivyo, lakini sikumkataza. Unajua mimi sikujaliwa. Ulipojifungua nilikuja na kuni na maziwa, nikacheka na watu, kisha nikalia njia nzima kurudi. Na sasa mama yetu yuko kwako tangu Krismasi, hata salamu haniletei. Kwa hiyo usidhani mwenye wivu ni wewe peke yako.

Mtoto anakuja na baba yake Jumamosi. Hizo pumzi, daktari anasemaje?

Dada yako,
Idda

Makambako, 26 Juni 1994

Dada yangu,

Shikamoo. Mama anakusalimu, safari hii nimemkumbusha mwenyewe.

Nimepigwa picha ya moyo. Daktari anasema ile dawa nyekundu niliyotundikiwa ndiyo iliyoua uvimbe, na ndiyo iliyojeruhi moyo. Ikiingia kwenye nyama ya moyo inazalisha kemikali kali, zinaunguza chembe zake kutoka ndani. Ini lina kinga nyingi ya kuzizima, moyo una kidogo. “Ni kama kutu inavyokula bati,” alisema, “na chembe hizo zikishakufa haziwezi kuota upya.” Nikamuuliza ingekuwaje kama ningeikataa. Akasema ningekuwa nimeshazikwa. Amenipa vidonge vya kupunguza maji mwilini na vya kuupunguzia moyo kazi. Ndoo ya maji nimekatazwa. Kumbeba mtoto pia.

Telesia alipofika alinyoosha mikono nimbebe. Sikuweza. Akaenda kwa bibi yake. Usiku wa pili alikuita usingizini, nami nikamwamsha nikamgombeza, mtoto wa miaka minne, hajui kosa lake.

Sitaki akae mbali nami, dada, na siwezi kumlea. Njoo wewe. Chumba cha uani Kristofa amekitoa marobota ya mitumba. Mashamba mwachie Nikodemo, ni mdogo wetu, atayaweza.

Nitaendelea kukuonea wivu, sikufichi. Utambeba mbele yangu, nami nitageukia ukutani. Lakini akikuita mama, itika.

Mdogo wako,
Feliciana