Ua Linalowaka Kwenye Dashibodi

Mwanangu ameng'oa alternata iliyokufa kwenye gari langu, akafunga mpya kwa mikono yake mwenyewe, na Jumamosi anafungua gereji yake! Nimeanza na hilo, Shangazi wa gazeti, kwa sababu lisingekaa kifuani hadi salamu ziishe. Sasa salamu: hujambo, na wa nyumbani kwako hawajambo? Mimi ni mshonaji wa sare za shule, sikusoma sana lakini barua naiweza, na leo naomba unisaidie kabla sijaaibika mbele ya wifi yangu.

Huyu binti ni kitinda mimba wangu. Tangu mdogo alikuwa anafungua redio ya baba yake na kuirudisha ikishika stesheni ambazo haijawahi kushika. Alipokwenda kusomea ufundi wa magari, wifi akasema mbele ya watu, "Huyo na kucha zake! Atakaza nati au atapaka rangi?" Basi gari langu ninalosambazia sare likaanza visa, taa za mbele zinafifia kama mshumaa, asubuhi betri imelala, mimi na baba watoto tunasukuma hadi jasho la kisigino, tukaweka betri mpya nayo ikalala, ndipo binti akaja na kidude chake cha kupimia umeme, akapima injini ikiwa inanguruma, akasema, "Mama, betri haina kosa. Ina njaa. Anayeilisha ndiye aliyekufa, alternata." Sikia maneno ya mtoto huyo! Akatoa waya wa betri kwanza ndipo akagusa kitu kingine, akaifungua ile ya zamani, akanionyesha beringi zilivyokwisha, akaleta nyingine akazilinganisha tundu kwa tundu, akaifunga na mkanda mpya, gari likawaka hapo hapo. Nikapiga vigelegele, majirani wakadhani kuna harusi.

Tangu siku hiyo sijafunga mdomo. Mteja akija kuchukua sare namfungulia boneti kwanza. Alternata naisugua kwa kitambaa cha maji na sabuni, ing'ae kama sufuria ya wageni. Na kila mtu nimemwambia, "Kazi ya mwanangu hairudiwi!" Binti mwenyewe aliniambia nimrudishie gari baada ya wiki moja mbili aukaze tena mkanda, nikasema moyoni huyu ametamani chakula cha mama yake, nikampelekea chakula kwa miguu, gari nikaliacha nyumbani. Tena ningelipelekaje, wifi anapita njia ile kila siku, aone gari limerudi kwa fundi?

Sasa shida yenyewe. Asubuhi nikiwasha, gari linalia kama paka aliyekanyagwa mkia, kisha linanyamaza, na wiki hii taa ndogo nyekundu yenye picha ya betri imewaka kwenye dashibodi na haizimiki. Nikimwambia sasa, amebakiza siku hizi chache afungue gereji, si nitamvunja nguvu? Nikafanya kile ninachokijua. Nikashona kifuniko cha dashibodi cha velveti ya bluu, nikaacha dirisha la mwendo na dirisha la mafuta, nikayazungushia uzi kama matundu ya vifungo, na pale penye taa nikatarizi ua. Kimetoka kizuri, Shangazi, sitajifanya mnyenyekevu. Lakini uzi wa ua ni mwembamba, jua likizama ua lote linawaka jekundu. Jana wifi aliacha gari lake nyumbani, nikampa lifti, akaliona ua, akashika mdomo. "Wifi! Yaani umelitia na taa? Nishonee na mimi kama hili hili!" Nikamwambia nitakushonea wifi, nikakanyaga mafuta tufike upesi.

Baba watoto anasema nilipeleke gari kimya kimya kwa fundi wa nyuma ya soko, alitengeneze, binti asijue maisha yake yote. Maana Jumamosi ndilo litakalomleta mama yangu mzazi na keki, kisha liegeshwe mlangoni watu waone kazi. Likizima pale mlangoni mbele ya wifi, gereji ya mwanangu itakuwa imefungwa siku ile ile iliyofunguliwa. Shangazi, niseme au nifiche?

Mama Fundi

*Shangazi anajibu:*

Mama Fundi, hongera kwa binti, na hicho kifuniko natamani kukiona. Pongezi zimeishia hapo. Kaa chini.

Taa ile haikuwekwa ili ipambwe. Inakwambia betri hailishwi, na gari unaloliendesha linakula akiba. Akiba ikiisha litazima popote litakapokuwa, na wewe, mama yako na keki yenu mtakuwa katikati ya barabara mkipigiwa honi. Ndiyo maana nimekutumia jibu hili kabla gazeti halijachapwa.

Sasa isome barua yako mwenyewe. Katikati ya majigambo umeandika kwamba mwanao alikuambia umrudishie gari aukaze mkanda. Nilipomsomea dereva wa gazeti letu hakungoja nimalize. Mkanda mpya, anasema, hulegea kidogo ukishaanza kazi. Ukilegea unateleza, na kuteleza kwake ndiko kulia kwa huyo paka wako, na alternata haizunguki inavyotakiwa. Huenda kuna na jingine, siwezi kuapa nikiwa mezani kwangu. Atakayejua ni atakayepima.

Wewe ni mshonaji. Mteja humwiti ajaribu nguo kabla hujapiga pindo? Akirudi umpunguzie kiuno, unajificha chini ya cherehani? Kumbe kwako kurudia ni kazi, kwa mwanao ni aibu! Yeye hakusema kazi yake hairudiwi. Umesema wewe, ukamtwisha yeye.

Kwa fundi wa nyuma ya soko usiende, na baba watoto mwambie nimekataa mimi. Siku binti akifungua boneti ataijua nati iliyoguswa na mkono mwingine, kama wewe unavyoujua mshono usio wako. Hapo ndipo utakapomvunja moyo, maana ataona mama anamsifu barabarani na hamwamini uani.

Najua umefanya haya kwa mapenzi, na mapenzi hayo yameniliza kidogo, lakini fanya ninavyokwambia. Mpigie leo. Aje yeye na spana zake, wewe gari usiliguse. Mweleze yote, na ua usiliruke. Maji na sabuni viweke mbali na alternata, ukitaka kuifuta tumia kitambaa kikavu, injini imezimwa. Kila mnapobadilisha oili mkanda utazamwe. Vichwa vya betri vikiota unga mweupe visafishwe, na mtu yeyote asichomoe waya wa betri injini ikiwa inanguruma. Kifuniko kikate dirisha la tatu. Wifi naye mwambie mwenyewe, kabla hajaanza kuchagua rangi ya taa.

*Kabla hatujachapa, Mama Fundi alituandikia tena:*

Shangazi, amekuja, tena na ovaroli mpya! Nikamwonyesha moja kwa moja. Akaliangalia ua, akalibonyeza, akasema, "Mama. Umeifunika taa ya betri kwa ua?" Nikasema ndiyo mwanangu. Akacheka hadi akakaa juu ya tairi la akiba, na mimi machozi yananitoka, sijui ni ya nini. "Nakuambia urudi nikaze mkanda, unaniletea chakula!"

Ulikuwa ni mkanda kweli. Akaukaza, akaubonyeza kwa kidole gumba, akaniambia niwashe. Paka kimya. Akapima umeme, akaitikia kwa kichwa kama daktari aliyeridhika, na ua likazimika mbele ya macho yangu. Halafu, Shangazi, akaniomba kazi! Anataka nimtarizie kitambaa kikubwa cha kutundika mlangoni, na maneno amechagua mwenyewe: TUKISHAFUNGA, RUDI TUKAZE. Nimeshafika kwenye herufi ya K, na uzi ni mwekundu.

Wifi nimemwambia. Akauliza, "Kwa hiyo langu halitawaka?" Nikamwambia, wifi, likiwaka usifurahi, lete gari. Akasema basi atakuja na gari lake litazamwe mkanda, kwa sababu nalo siku hizi linalia asubuhi, alikuwa hataki tu kusema.

Gari langu litakuwa pale mbele, boneti wazi, mama yangu kwenye kiti cha mbele na kifuniko chenye madirisha matatu. Shangazi uje, na huyo dereva wenu aje, na wasomaji wenye magari yanayolia waje, hata fundi wa nyuma ya soko namkaribisha aone. Msiniambie mlisahau siku: ni Jumamosi.