Kopo la Kijani

Jumatano, 4 Machi
Mvua ya juzi imeuchafua mto. Maji yamekuwa kama chai ya maziwa. Maji ya namna hii yanataka chambo cha kijani — samaki wetu, trauti, hukiona kwa mbali. Yakitakata, kahawia. Miaka kumi na mmoja nayaandika haya katika daftari la mto, na sikosei sana.
Seremala wa ghorofa ya chini kanisimamisha kwenye ngazi. Jumamosi chambo cha rangi gani, mwalimu? Nikamjibu waridi.
Waridi!

Jumamosi, 7 Machi
Mimi wanne. Yeye hata mmoja. Alicheka tu, akasema samaki wa huku wanamdai vitambulisho kwanza. Kisha akanibebea ndoo hadi mlangoni, na mgongo wake ule mbovu.
Karibu msimu mzima anarudi mikono mitupu. Msimu mzima namchagulia mimi.

Jumapili, 8 Machi
Hapa hakuna wa kumdanganya, basi niseme. Nilikotoka nilifundisha jiografia, wazazi walinivulia kofia. Huku ugenini, mwaka wa thelathini na nane sasa, mimi ni mzee wa ghorofa ya tatu ambaye makarani humsemesha polepole kama mtoto. Mtoni pekee ndiko ninakoulizwa kitu. Siku ya kwanza seremala alipovua wawili, wavuvi wote walimzunguka yeye. Nilibeba ndoo yangu nikarudi peke yangu. Wiki iliyofuata nikaanza kumpa waridi.
Ni udogo wa moyo tu. Nimeutafutia jina zuri zaidi, sikulipata.

Jumanne, 10 Machi
Seremala amekuja kuaga. Jumapili hii binti yake anamhamishia kwake, na huko hakuna mto, ni lami tupu. Ana haja moja: trauti mmoja wa mkono wake mwenyewe, ampelekee mjukuu, asije akadhani babu yake ni mtu wa hadithi tu. Jumamosi unichagulie vizuri, mwalimu, akasema. Nikaitikia.

Alhamisi, 12 Machi
Nilikwenda kwa mama wa duka la vyambo. Nikamwomba kopo la chambo cha kijani, la kumpa seremala.
Akanitazama juu ya miwani. La nini, mzee? Analo. Liko hapa kwenye rafu yangu tangu msimu uanze, halijafunguliwa. Anasema akilitumia utajua kwamba anajua unachomfanyia. Na kwamba wewe, mwenzake, huku huna kingine cha kuchagua ila rangi hizi.
Mama aliendelea kupanga ndoana. Hakunilaumu. Nilitoka bila kopo, na mwavuli nikausahau humo.

Jumamosi, 14 Machi
Mtoni. Nimekalia ndoo, naandika. Maji bado mazito.
Seremala amekuja na koti lake la safari. Uzi tayari, ndoana tayari. Kaninyooshea kiganja. Haya, mwalimu, leo rangi gani? Nimemwambia angoje, kwanza niandike hali ya maji.
Anangoja. Mfukoni nina kopo langu la kijani. Nikimpa kimya kimya atapata samaki wake, na heshima yangu atanilindia mpaka kesho, kama alivyoilinda msimu mzima. Nikisema, itabidi niseme yote, nikiwa nimemtazama usoni.
Nimeandika: maji mazito, mawingu, upepo hakuna. Hakuna tena cha kuandika kuhusu maji.
Kiganja bado kiko wazi. Kina kovu la msumeno, sikuwahi kuliona.
Anasema taratibu: mwalimu, funga daftari.