Baridi ya Wanale na Mke Wangu

Jumanne, mwezi wa saba.

Wote hii hadithi ya mke wangu kuondoka wanaisimulia vibaya. Leo kwa chungu cha pombe ya malwa, Mafabi ameanza tena: "Afande, mama Rose alikimbia baridi ya mlima, ama baridi ya kitanda?" Wazee wakacheka mpaka mirija ikawatoka mdomoni.

Nikamwambia, "Kitanda yangu inaweza kukausha nguo za kikosi kizima!"

Lakini ilikuwa baridi ya mlima. Mwezi huu wingu linashuka kutoka mlima Wanale, linaingia hapa Nabuyonga bila hodi. Kifua cha mama Rose kilikuwa kinalia usiku kucha. Mimi namwambia vumilia, mimi nikiwa jeshini nililala mlimani na shati moja. Akavumilia miaka. Halafu akaenda Jinja, kwa Rose binti yetu, kwenye joto.

Sigiri ya makaa nawasha peke yangu. Viazi bado napika vya watu wawili. Nikipiga simu anasema kifua kimepona. Kurudi hasemi. Naogopa harudi tena, na mimi huku...

Kwa chungu huwa nawaambia alilia akipanda basi. Hiyo niliongeza mimi. Hakulia. Alivua sweta yake, akanipa kwa dirisha. Ndiyo nimevaa sasa, inanibana.