Miiba Niliitoa Mimi

Mama Masanja,

Nina miaka themanini. Nimemzika Mwingereza, nimekizika chama cha pamba, na basi bado napanda bila kushikwa mkono. Hapa Bariadi chai ni tamu ila mvua hakuna. Wale wanafunzi wa chuo kikuu waliopanda miche kwenye ngitili yetu, malisho yetu ya akiba, wametuita tusikie kazi ya kikundi chao ilivyokwenda.

Neema, yule binti aliyekuwa anakupigia magoti akikuamkia, alisimama akalia mbele ya walimu wake. "Miche ilikufa kwa uzembe wangu. Sikufunga uzio vizuri."

Nikasimama bila kuitwa. "Kaa, mjukuu wangu. Ulifunga vizuri. Miiba niliitoa mimi, nikaingiza ng'ombe. Kiangazi kile majani yalikuwa yamebaki kwenye ngitili tu."

Hata wewe nilikuficha, mke wangu.

Neema akaniuliza polepole, "Babu, ng'ombe walipona?"

"Hakupona hata mmoja."

Akaja akakaa nami.

Jifunike vizuri, kifua chako hicho. Mwalimu Shija wa hapo kijijini alikuwa kando yangu, atakuambia nilisimama wima. Mengine usimuulize.

Mzee wako