Ng'ombe Walichanjwa, Sayi Hakuchanjwa

Dutwa,
Bariadi.
12 Oktoba 2025

Mpendwa kaka Dastan,

Mwangaluka. Habari za Dar, habari za kazi ya benki, habari za hilo joto lenu? Wifi Veronica hajambo? Na watoto? Sisi huku tunamshukuru Mungu, tunapumua. Mama, Mayu wetu, bado miguu inamsumbua, lakini kanisani anakwenda na kurudi mwenyewe. Mvua bado haijaamua, tunaandaa mashamba hivyohivyo.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu ulinitoa kwenye grupu la ukoo, na simu zangu hupokei. Barua nimempa mtu wa basi. Soma mpaka mwisho, halafu unikasirikie ukitaka.

Kwanza Sayi. Najua Luhende alikwambia macho ya binti yake "yanamsumbua kidogo." Mdogo wetu huyo anakuogopa, ndiyo maana anakupunguzia maneno. Ukweli ni kwamba mtoto haoni. Surua ilipopita na vipele kukauka, macho yalibaki meupe. Mwanza tulikompeleka walisema la kulia limekwisha, la kushoto linaona mwanga tu. Anajigonga kwenye mlango wa nyumba aliyokulia. Milembe, mama yake, halii tena mbele za watu, na hilo linanitisha kuliko alipokuwa analia.

Kaka, nina hasira na wewe. Sina haja ya kuzunguka.

Surua ilipoingia kata yetu mwezi wa tatu, Milembe alimvalisha Sayi viatu ampeleke kwenye kampeni ya chanjo. Mtoto alikuwa hajachanjwa, kwa sababu alipokuwa mchanga walikuwa wanalima mpunga kule Kalemela, mbali na zahanati. Luhende akasema ngoja, kaka mkubwa hajasema. Wewe unajua nyumba yetu. Tangu baba afariki, hauzwi ndama wala haposwi binti mpaka wewe useme kwenye simu. Milembe akamvua mtoto viatu, wakangoja.

Ukasema. Ile sauti yako uliyotuma kwenye grupu nimeisikiliza mpaka nimeikariri. Ulikuwa umeletewa takwimu zilizosomwa kwenye mkutano wa kata, kwamba katika watoto walioumwa surua, nusu walikuwa wamechanjwa. Ukacheka. "Nusu kwa nusu! Sasa hiyo sindano imesaidia nini? Msimsumbue mtoto." Ukoo mzima ukakutumia vile vimikono vya kupiga makofi.

Nilipokujibu, mimi ninayefundisha hesabu, ukaniambia takwimu zina wenyewe, ukanitoa. Haya, leo huna pa kunitoa. Takwimu zile hazikudanganya, ni wewe uliyezisoma upande mmoja. Watoto waliochanjwa kata hii ni wengi mno, wangejaza kanisa letu lote. Wasiochanjwa wangetosha kwenye benchi mbili za nyuma. Sasa kama nusu ya wagonjwa wametoka kwenye kanisa zima, na nusu wametoka kwenye benchi mbili tu, ugonjwa ulikula wapi? Zile benchi zilibaki karibu tupu, kaka. Mwanafunzi wangu wa kidato cha pili angeliona hilo.

Sikatai, chanjo si ukuta wa zege. Mtoto wa jirani yetu Mashimba alichanjwa na bado akatoka vipele. Alikohoa, akalala siku chache, sasa anafukuza mbuzi. Wewe unamtaja huyo kila mara kama shahidi wako. Basi njoo umsimamishe karibu na Sayi, watu wawatazame wote wawili.

Na ng'ombe wako je? Wiki ileile uliagiza kundi lako lichanjwe ugonjwa wa mapele ngozi, Luhende akaamka alfajiri kulipeleka. Wawili wakaugua pamoja na kuchanjwa. Ulisema chanjo ni uongo? Wala! Ulisema, "Wawili katika kundi zima? Tumshukuru Mungu." Jamani! Hesabu ya ng'ombe uliipata papo hapo, ya mtoto wa mdogo wako ikakushinda.

Tena wifi Veronica, bila kujua kwa nini nauliza, aliniambia wanao wote wamechanjwa, hata dozi ya pili hawakuikosa. Mkuki kwa nguruwe, eti?

Sasa nikueleze kwa nini nimeandika leo. Mdogo wake Sayi anatimiza miezi tisa mwezi huu, na ndio wakati wa chanjo ya surua. Tunasikia wagonjwa wapya wameanza kuonekana upande wa Malampaka. Milembe amemwomba Luhende, mimi nimemwomba, hata Mayu amesema naye. Jibu ni lilelile: kaka hajasema. Milembe angeweza kumbeba mtoto kwa siri, lakini Luhende ameapa kwamba akifanya hivyo afungashe arudi kwao. Na yule akiapa unamjua.

Usiniombe radhi, radhi haitamrudishia Sayi jicho. Wala usitume ile miwani uliyoahidi, itakuwa kututia uchungu tu. Nataka umpigie Luhende, na kwa mdomo uleule useme: nilikosea, mpelekeni mtoto. Kama hayo ni mazito kwako, basi niambie nijue kwamba nyumba hii haina mkubwa.

Mayu anakusalimu, anakuombea kila jioni. Mimi nimeshindwa kuitikia amina, nakwambia kweli. Shangazi Apolonia anasema umemsahau kabisa. Wasalimie wifi na watoto, mmoja mmoja kwa jina. Mungu awatunze, na awatunzie macho yao.

Nilimwuliza Milembe kama ana salamu za kukutumia. Akasema nikuandikie jina la huyo mdogo wake Sayi, maana Luhende alilificha ili akupe furaha mwenyewe ukija Krismasi. Mtoto anaitwa Dastan. Ni wajina wako, kaka, anayengoja useme.

Mimi dada yako, ninayekupenda kwa shida mwaka huu,

Benedikta